Ndege Iliyonyweshwa Maji

Swali lilimfikia Siwema kabla ya hofu, na ningependa mlijue hilo mapema, kwa sababu mtu anayetanguliwa na swali hafi kama wengine wala haponi kama wengine.

Ndege ilikuwa imeiacha ardhi kitambo kidogo tu. Ilikuwa juu kiasi cha minazi mitano kama ingesimamishwa mmoja juu ya mwenzake, pua imeelekea mawinguni, injini ikinguruma kama ilivyozoea, mara injini ikakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mtu anayetaka kuomba radhi kabla ya kukatiza mazungumzo ya wakubwa. Rubani mwingine angemtaja Mola wake au mama yake. Siwema alijiuliza: nguvu iliyokuwa hapa sasa hivi imekwenda wapi?

Halikuwa pambo la maneno. Tangu utotoni Siwema alikuwa mtu wa kuuliza mpaka watu wakainamisha nyuso. Mama yake alikuwa akimficha jikoni wageni wakija, kwa sababu aliwahi kumuuliza mjane, mbele ya watu waliokuja kuhani, kama bado anamwachia marehemu nafasi kitandani. Mjane akajibu kwamba ndiyo, anamwachia, upande wa ukutani. Watu wakanyamaza, mama akafa kwa aibu, Siwema akaridhika. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa ndege, na msiniulize ni nani aliyempa. Katika nchi ile vitu havikuwa na mwanzo unaoshikika. Ndege ilikuja siku moja, miaka saba iliyopita au sabini, ikatua majanini, na watu wakaipokea kama wanavyompokea mgeni yeyote.

Na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwenye kupokea. Mji wenyewe ulikuwa na jina, lakini wenyeji waliona haya kulitaja, basi uliitwa tu Mji wa Wasindikizaji. Walijua mambo mengi nusunusu, ila kusindikiza walikujua kikamilifu. Mgeni wao hakuachwa mlangoni. Jirani alisindikizwa mpaka kwake, naye kwa adabu akamrudisha aliyemsindikiza, na kulikuwa na wazee wawili waliosindikizana hivyo tangu ujana wao na hakuna aliyewahi kulala kwake. Anayekwenda mbali alisindikizwa na mji mzima, mpaka asionekane tena. Mapenzi yao waliyapima kwa hatua. Hata njia ya kurukia ndege haikutengenezwa na mtu, ilitokea. Kila ndege ilipoondoka watu waliifuata nyuma kwa miguu, watoto mbele, wakubwa katikati, wagonjwa mwisho, na miguu yao ikaua majani mpaka ardhi ikawa ngumu na nyeupe. Uwanja ule ulikuwa ni alama ya kuagana, umepigwa na nyayo.

Ndege nayo ilikuwa na adabu yake. Ikishapaa ilikata kushoto, ikawazunguka watu vichwani, ikainamisha bawa moja, kisha ikaelekea milimani. Siku zote kushoto. Mbele ya uwanja, pale njia nyeupe inapokoma, palikuwa na nchi ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kwenda huko akahitaji kusindikizwa. Haikuwa na jina. Watu wakiulizwa walisema, "Kule mbele," wakabadilisha mazungumzo.

Jambo lingine ni maji. Kiumbe hakikuondoka katika mji ule na kiu. Mtu alipewa bakuli la maji, punda alipewa ndoo, hata baiskeli ilimwagiwa magurudumu. Hawakuona tofauti kati ya chenye roho na kisicho na roho, bora kiwe kinakwenda safari.

Sasa rudisheni akili zenu mle ndani ya ndege. Pembeni mwa Siwema alikaa shangazi yake, Bi Tumu, dada wa baba yake, amejifunga kanga mbili mpya na mkanda wa kiti juu yake. Bi Tumu alikuwa amesindikiza watu maisha yake yote. Alimsindikiza baba yake Siwema, aliyekwenda hakurudi. Alisindikiza wanawe wanne, mmoja baada ya mwingine. Mwaka ule alisema inatosha, naye anataka kuona wanakwenda wapi wale wote aliokuwa akiwapungia mkono. Hakuwa na haja nyingine ng'ambo. Aliwaambia watu hivyo hivyo, wakacheka, kisha wakaona wivu.

"Amefanya nini?" aliuliza Bi Tumu.

"Imekohoa, shangazi."

"Amepaliwa." Alilisema kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto wengi. "Nilimwona anakunywa kwa pupa."

Siwema aligeuza kichwa polepole. "Imekunywa nini?"

"Maji. Nilimpa asubuhi, kibuyu kizima, kwenye mdomo wake ule wa juu ya bawa. Miaka yote ananibebea watu wangu na hakuna hata mmoja aliyefikiria koo lake. Safari yote hiyo aondoke na kiu?"

Siwema alielewa. Maji ni mazito kuliko petroli. Yalizama chini ya tangi, yakatulia pale yakisubiri, na ndege ilipoinua pua yakaingia kwenye mrija. Kila rubani analijua hilo, na kila rubani kabla ya kuruka huchota mafuta kidogo kutoka tumboni mwa tangi, akayatia kwenye gilasi, akayainua kwenye mwanga kutazama kama kuna tone la maji chini yake, kisha akayamwaga. Siwema alifanya hivyo kila siku, ila alifanya kwa kujificha, kabla watu hawajafika. Katika mji ule, mgeni anayemwaga mbele ya wenyeji kilichomo tumboni mwake anawaambia kwamba wamemlisha uchafu. Asubuhi hiyo watu walikuwa wamemtangulia uwanjani, kwa sababu anayesafiri alikuwa Bi Tumu na hakuna aliyelala vizuri. Siwema alifika akakuta macho mia tatu yanamtazama kwa upendo. Gilasi ilikuwa mfukoni, akaiacha humo humo. Haukuwa uzembe wala haraka. Aliona haya.

Injini ikakohoa mara ya pili, ya tatu, kisha ikanyamaza.

Tangu ukimya ule kuingia mpaka mwisho wake zilipita sekunde kumi na tisa. Mimi nitazieleza kwa raha zangu, na mwenye haraka ashuke. Nawaambia tu kwamba wakati ukinyang'anywa kelele unalegea. Unakuwa kama nguo iliyotolewa kamba. Unaweza kuivuta huku na huku. Siwema alisikia upepo ukipita mlangoni. Alisikia bangili za shangazi yake. Propela ilizunguka mara chache kwa uvivu, ikasimama wima mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza aliiona kuwa ni kipande cha chuma tu, chenye mkwaruzo karibu na ncha ambao hakuwahi kuujua.

Nguvu imekwenda wapi? Kama ilikuwa ya injini, mbona injini iko pale pale, na mabomba yake, na moto wake bado haujapoa? Kama ilikuwa ya mafuta, mafuta yamo. Kama ilikuwa yangu, mimi nimo. Vitu vyote vilivyokuwa na nguvu vipo, isipokuwa nguvu. Labda haikuwa ndani ya kitu chochote. Labda ilikuwa ni makubaliano tu, na mmoja wetu amejitoa. Na mimi miaka yote hii nikishika kishikio cha mafuta nilijiona mkubwa! Nilisukuma, ndege ikaenda, nikasema nimeipeleka. Nani alinidanganya? Hakuna aliyenidanganya. Nilisikia ngurumo nikadhani ni sauti yangu.

Mikono yake, wakati yeye anafikiri, ilikuwa imeshafanya kitu kimoja. Ilikuwa imesukuma usukani mbele na kuinamisha pua chini.

Hilo lilimshangaza, maana ni jambo la kichaa. Uko chini, huna nguvu, ardhi unaiogopa, halafu unaielekea. Mwalimu aliyemfundisha urubani, mtu mfupi mwenye sauti ya pua, alikuwa akimgonga vifundo vya vidole kila alipojaribu kuinua pua injini ikiwa imezimwa. Akimwambia: bawa halijali kama una nguvu, linajali kama unakwenda. Ndege iliyopoteza nguvu haianguki, inateremka. Inayoanguka ni ile inayong'ang'ania kubaki juu. Wakati ule Siwema aliyachukua kama maneno ya darasani. Sasa aliona jinsi yalivyo ya ajabu: kwamba kinachokuweka hewani ni kukubali kushuka, na kwamba anayekataa kushuka ndiye anayedondoka. Akataka kumuuliza mwalimu kama alijua anachokisema, au naye aliambiwa tu na mwalimu wake.

"Geuza," alisema Bi Tumu.

Siwema alitazama mbele.

"Siwema, mwanangu, geuza turudi nyumbani. Uwanja upo pale nyuma, nauona kwa jicho hili. Geuza!"

Katika mji ule shangazi ni baba, tofauti ni mavazi tu. Akisema mara moja unafanya; akisema mara mbili umeshamvunjia heshima. Na si amri peke yake. Kila mfupa wa Siwema ulitaka kugeuka. Kushoto kulikuwa ni kushoto kwa siku zote. Mkono ulijua njia, kama mguu unavyojua kizingiti cha nyumba ya utotoni gizani. Nyuma kulikuwa na ardhi ngumu, ndefu, iliyonyooka. Mbele kulikuwa na Kule Mbele.

Basi mkono wa kushoto ukaanza kuzungusha usukani.

Na hapo, katika sekunde ya saba, Siwema aliiona ndege nyingine. Ilijitenga na yake, kama mtu anavyojitenga na kivuli chake akiruka shimo, ikakata kushoto. Ilikuwa na mkwaruzo ule ule kwenye propela. Ndani yake alikaa Siwema mwingine na shangazi mwingine, na huyo Siwema alikuwa na uso wa mtu aliyepata nafuu, uso wa mtoto mtiifu. Halikutokea hili, naomba tuelewane. Lakini aliliona, na mimi siwezi kulificha.

Aliitazama ndege ile kwa hamu kubwa ya kujua, kama vile haimhusu. Ikageuka nusu. Ikageuka zaidi. Kila ilipogeuka ilishuka, na ilipoona inashuka, yule Siwema mwingine aliinua pua kidogo, kidogo tu, ili afike. Akafika, hilo tusimnyime. Akaiona njia nyeupe imenyooka mbele yake, na njia yenyewe haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa na rangi zote za kanga za mji. Watu walikuwa wameshaingia uwanjani, wameziba ukingo kwa ukingo, wanasindikiza. Watoto mbele, wakubwa katikati. Mumewe Bi Tumu, Bwana Pandu, mwenye mguu mmoja mfupi, alikuwa katikati kabisa, anatembea pale ardhi ilipo sawa kuliko kwingine. Waliiona ndege inarudi wakafurahi. Wakapunga mikono. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu tangu lini mtu akamkimbia mpenzi wake anayerudi? Ndipo bawa la kushoto likakosa upepo, na ndege ile ikalala ubavu.

Siwema akafumba macho kwa muda usiozidi kupepesa. Alipoyafumbua, usukani ulikuwa umenyooka.

"Nimekuambia geuza!" Bi Tumu alikuwa akipiga kelele sasa, na ameukamata mkono wa mpwa wake kwenye kiwiko, anauvuta. "Unatupeleka wapi? Huko hakuna kitu! Huko hakuna mtu! Nani atatuona huko?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui! Unakwenda usikokujua, na nyumbani unakuacha nyuma?"

"Niachie mkono."

Hakuwahi kusema hivyo kwa mkubwa. Bi Tumu aliuachia, na machozi yakamtoka, si ya kuogopa kufa bali ya kujibiwa.

Sekunde ya kumi na mbili. Siwema alikuwa na hofu sasa, hofu nzima, lakini hata hiyo haikumzuia kutazama. Kule Mbele kulikuwa kunasogea. Kwa mbali kulikuwa na rangi moja tu, ya kijivu, rangi ya kitu ambacho watu wamekubaliana kutokukitazama. Kadiri alivyoshuka kulianza kuwa na vitu. Kukawa na majani, na majani yakawa marefu kuliko mtu, yenye vichwa vyekundu. Kukawa na vichuguu, kimoja, viwili, vingi. Kukawa na bwawa lililokauka, tope limepasuka vipande vipande, na kati ya vipande maua madogo ya manjano ambayo kwao hayakuwepo. Ndege wa kweli, wenye manyoya, waliruka kundi zima wakakata kulia. Miaka yote, alifikiri, vitu hivi vilikuwa hapa, mwendo wa dakika kumi kutoka jikoni kwetu, vikiota na kufa bila ya kutuomba ruhusa.

Mimi ni nani bila nguvu? Ni huyu anayechagua kati ya vichuguu viwili. Basi si haba.

Akazima swichi zote, akafungua mlango kidogo usije ukang'ang'ania wakigonga, akamwambia shangazi yake ajikunje kichwa magotini. Sekunde ya kumi na nane alivuta usukani kwake, taratibu, na ndege ikainua pua mara ya mwisho, kwa heshima, ikayagusa majani kwa tumbo.

Kelele zilirudi zote kwa mpigo. Gurudumu la mbele liling'oka. Kichuguu kikalikata bawa la kulia, ndege ikazunguka, ikaburura ubavu kwenye tope la bwawa, vumbi likaingia kila mahali, kikapu cha Bi Tumu kikapasua kioo kikatoka chenyewe nje. Kisha vitu vikasimama, na ukasikika mlio mmoja tu, mafuta yakidondoka kwenye udongo.

Walitoka. Siwema alikuwa na damu kwenye nyusi, Bi Tumu bega moja limeteguka na kanga imechanika toka pindoni mpaka kiunoni. Walijikokota mpaka kwenye kichuguu kilicho mbali na ndege, wakakaa. Bi Tumu alimpa mpwa wake mgongo. Alikuwa amenuna. Aliokolewa, ndiyo, lakini alikuwa amejibiwa vibaya, na katika mizani yake mambo hayo mawili yalikuwa bado hayajalingana.

Kichuguu kilikuwa kimeinuka kidogo, na alipogeuka kutafuta kikapu chake akaliona jambo ambalo hakuwahi kuliona maisha yake yote, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ndani yake. Aliuona uwanja kutoka upande wa mbele. Ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamesimama kimya pale njia nyeupe inapokoma, wamebanana kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yao wengine, na nyuma ya hao wengine, mpaka mwisho wa uwanja. Hapakuwa na nafasi ya kutua hata njiwa. Aliwatazama mmoja mmoja. Akamtambua Bwana Pandu kwa jinsi alivyosimama ameegemea upande, katikati, akiwa amewatangulia wenzake, na begani amembeba mjukuu wao mdogo ili aone vizuri.

Bi Tumu alishika mdomo.

"Nilikuamuru ugeuze," alisema hatimaye.

"Uliniamuru, shangazi."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Ungenitii..." Hakuweza kulimaliza. "Mungu akubariki kwa ubishi wako, mwanangu. Mungu akubariki kwa kutonisikiliza."

"Usinipe sifa isiyo yangu," alisema Siwema. "Nilitaka kukutii. Nilitaka kugeuza kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilishaanza kugeuza. Sikumbuki kunyoosha."

Bi Tumu alimgeukia. Wote wawili walikuwa wametaka kurudi, na hakukuwa na mtu wa tatu ndani ya ndege ile.

"Basi aliyekataa ni nani?"

Siwema alifungua mdomo, yeye mwenye maswali ya kila namna, akakosa hata swali. Akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelala mapajani, umefumbwa, vidole vimekaza na vifundo vimekuwa vyeupe, bado umeshika usukani ambao haupo, umeunyoosha sawasawa. Alijaribu kuukunjua, haukukunjuka. Akajaribu kwa msaada wa mkono wa kulia, haukukunjuka.

Shangazi yake alisogea karibu, akauchukua mkono ule akauweka kwenye paja lake mwenyewe, akaanza kufungua kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kitu mkononi bila kumwamsha.

"Basi," aliuambia mkono, si Siwema. "Basi, tumeshafika."

Kidole gumba ndicho kilichokuwa cha mwisho kuachia.